Bendera Namba Kumi na Saba

Walikuja Jumatatu na kitabu cha risiti,
vijana watatu wa kamati, shati bado zina mikunjo ya dukani.
Fundi, unaweza bendera thelathini kwa siku kumi?
Nikasema naweza.
Fundi hasemi siwezi mbele ya kodi ya miezi miwili.

Hawakunipa majina ya nchi.
Walinipa karatasi ya picha na namba,
na mashine yao ilikuwa imeishiwa wino wa manjano,
kwa hiyo dhahabu zote za dunia
zilinifikia zikiwa kijivu.

Malindi wakati huo ilikuwa inaogeshwa.
Kingo za barabara ya Lamu zikapakwa nyeusi, nyeupe, nyeusi, nyeupe,
hata jiwe analokalia Mama Jumwa akikaanga viazi karai
likapakwa, naye hajainuka vizuri:
akarudi kwake na mstari mweupe nyuma ya leso.
Kesho yake wakamwambia ahame, wageni watapita hapa.
"Kwani wageni," akauliza, "hawali?"
Ua wa mabati ukasimamishwa kuificha Kisumu Ndogo,
mabati mapya,
mazuri kupita yale ya mapaa yaliyofichwa.

Shebe, aliyefunga gesti tangu Wataliano wapungue,
akafukuza popo, akaandika mlangoni: VYUMBA VYA WANARIADHA.
Vijana wa tuktuk wakajifunza kutaja nauli kwa lugha sita;
neno chenji hawakulijifunza hata kwa moja.

Mimi nilishona.
Umeme ukikatika nilishona kwa mguu, simu ikimulika kutoka mdomoni.
Kuna nchi za mistari mitatu, unamaliza chai haijapoa.
Kuna moja yenye ndege wa makucha, iliniuma macho siku mbili.
Na namba kumi na saba: kijani kibichi,
nyota moja ya dhahabu pembeni.

Siku ya nane wakapiga simu.
Fundi, kumi na saba hawaji. Wamejitoa.
Na pesa ya kitambaa?
Hapo mtandao ukawa mbaya.

Kitambaa hakitupwi. Nikakitundika dirishani,
upande wa jua la alasiri,
chumba kikawa kijani, meza kijani,
uso wa Kadzo, mwanagenzi wangu, kijani.
Siku mbili nilikaa chini ya serikali nisiyoijua.
Haikunidai ushuru.

Alhamisi, kwa basi la Mombasa,
akashuka msichana mwembamba, mkoba mmoja,
viatu vya mbio vimening'inia shingoni.
Peke yake. Wenzake wamebaki kwao;
yeye, Shebe alituambia baadaye, alichangiwa na shangazi zake.
Akapita Shela akitafuta gesti,
akasimama mbele ya dirisha langu
kama mtu aliyeitwa jina.

Nilidhani atalia.
Akashika pindo, akapitisha ukucha kwenye mshono,
akaafiki. Kisha akaionyesha nyota,
akageuza kidole chini, juu, chini,
akacheka mpaka akakaa kibarazani.
Nilikuwa nimeishona kichwa chini.
Nyota nzima ya watu, miguu miwili hewani!

Akauliza kwa vidole: ngapi?
Nikajibu kwa kiganja: acha.
Mama Jumwa, ambaye sasa karai lake liko uchochoroni,
akamletea viazi vinne na ukwaju.
Alikula wima, akipuliza.

Sasa ni saa saba za usiku, na kesho ni ufunguzi.
Kamati haijalipa.
Kule Kisumu Ndogo mabati yanagongana kwa upepo.
Nimeshika wembe, nafumua nyota uzi kwa uzi,
taratibu, kitambaa kisitoboke.
Kadzo anamulika.
Fundi, anasema, kama kwao wamejitoa, ataipeperushia wapi?
Sijui. Shika taa vizuri.
Imebaki pembe moja.