Ukoko wa Jumamosi

Alhamisi, saa nne, simu kutoka uwanja wa ndege:
lile sanduku la kuku, lenye mihuri yake miwili,
limelala Dubai. Litakuja Jumapili.
Bi Simha akakata simu, akaketi juu ya gunia la vitunguu.
"Mwanakombo," akaniambia, "Jumapili itamfaa nani?"

Miaka sita nipo kwenye jiko hili la Manama.
Nilipofika nilidhani najua kupika.
Nikafundwa upya, mtu mzima, kama mwali:
visu vya mpini mwekundu ni vya nyama,
vya buluu ni vya maziwa, na haviamkiani;
kila yai livunjwe peke yake kwenye bilauri,
litazamwe mwangani; likiwa na tone la damu, litupwe.
Mchele uchaguliwe mara tatu.
Hapo nilicheka. Kuchagua mchele?
Nipe ungo, mama, ukapumzike.

Basi kuku hakuna. Tukaenda sokoni.
Kamba wamejaa, wanene, bei ya kutupa.
Ngisi, kaa, papa mdogo: wote tukawapita
kama mtu anavyopita duka anakodaiwa.
Chewa watatu wakubwa. Muuzaji akainua kisu apae magamba,
Bi Simha akamshika mkono:
"Yaache. Nitayaona nyumbani."
Kisu kile, nani ajuaye asubuhi kimekata nini?

Ijumaa nikakata, nikaponda, nikachanganya:
nyanya, dengu, bizari, ndimu kavu.
Kila kitu mimi, ila kiberiti.
Moto lazima auwashe yeye,
hata mikono ikimtetemeka,
hata njiti ya kwanza ikizima, na ya pili.
Nilisimama na mwiko wangu
kama askari asiye na risasi.

Akasuka mikate miwili.
Nikamwambia, "Huo kwetu ni msuko wa twende kilioni."
Akasema, "Usiwaambie wageni."

Kabla jua halijazama, sufuria ya wali
ikawekwa juu ya bati, moto mdogo kama jicho la paka,
mayai yamefukiwa ndani na maganda yake.
Tangu hapo jiko si letu.
Likizimika, limezimika:
hataniomba, wala hatanikonyeza.
Usiku upepo wa kaskazini ukaja na vumbi lake, ukatikisa madirisha.
Nililala chumba cha nyuma nikiisikiliza gesi.
Alfajiri, kabla ya udhu, nikachungulia.
Jicho lilikuwa wazi.

Walichelewa kurudi kutoka sala.
Walikuwa tisa, na bila wa kumi
kuna maneno hayasemwi,
na siku hiyo hakuna apigaye simu.
Wakakaa wakiutazama mlango
mpaka akaingia baharia mmoja wa Juffair,
kofia mkononi, amepotea njia mara mbili.
Ndiye aliyekula kuwashinda wote:
chewa wa baridi, mayai yenye rangi ya chai,
wali mwekundu ulioshikana.
Kuku hakuulizwa na mtu.

Nilipotaka kuondoa sufuria, Bi Simha akanizuia.
Akachukua mwiko, akakwangua chini, akakwangua tena.
Wajukuu wakaja mbio na sahani. Akawatimua.
"Huu una mwenyewe."

Kwa mama, kule Faza, tulikuwa watoto saba,
mimi kitinda mimba.
Ukoko niliusikia tu ukivunjika
midomoni mwa wengine.

Nikautafuna nimesimama, kwa kelele.