Nyota Tisa

Januari, Nestan alichora kwa penseli
nyota hamsini na mbili ukutani,
pale Chiatura, katika kituo cha vibanda
vining'iniavyo kwenye waya juu ya bonde:
kitabu kikiisha, nyota inakatwa.

Hadi Juni alikwenda mbio.
Abiria wanashuka, yeye yumo kurasani,
tiketi kazilalia kwa kiwiko.

Septemba aliiba kidogo: akahesabu
kijitabu cha mapishi ya uyoga,
nusu yake picha.
Usiku akaona haya,
akaufuta ule mkato kwa mate.

Kisha akakifungua kile kinene cha marehemu Tariel.
Ukurasa wa mia mbili na kumi
tiketi kuukuu imelala. Hapo ndipo alipoishia.
Pembeni, mwandiko wake uliopinda:
"Huyu mjane anasema mno."

Nestan alicheka hadi fundi akachungulia.
Akarudi mwanzo. Mistari kumi, kumi na mitano,
asifike upesi.
Akafika.
Majuma matatu hakuugeuza.

Leo mwaka unakwisha. Theluji; waya umesimama.
Nyota tisa hazijaguswa, na haziulizi kitu.
Analamba kidole.
Mia mbili na kumi na moja:
mjane bado anasema.