Gramu Arobaini

Miaka thelathini na mmoja nilipima maganda ya kwinini
kiwandani, kule chini karibu na ziwa,
kilo kwa kilo, dawa ya homa za watu wengine.
Mimi sikumeza hata kidonge.
Sasa chumba changu cha Kadutu ni duka la dawa,
mteja mmoja, hana mkopo.

Jumatatu ni ya sukari. Jumatano ya tansiyo.
Ijumaa ya pili ya mwezi, figo.
Goti halina siku yake; lenyewe huja kila siku,
linapanda nami ngazi za mawe hadi barabarani
likinung'unika kama mkwe aliyepewa bugali bila mboga.

Kila munganga ana fishi yake,
na kila fishi imeandika jina langu vingine:
Zihindula. Zihindura. Zihi, halafu nukta.
Wa sukari anasema: kula kidogo kidogo, njaa isikukute.
Wa figo: maharage, punguza.
Wa moyo ameondoa chumvi.
Nsimire, binti yangu, akatazama sufuria, akanitazama mimi.
"Baba, yamebaki maji."
Na maji nayo, wa moyo ameyawekea kipimo.

Mwezi wa nne nililazwa siku tisa,
nikakaa nyingine kumi na mbili nimepona,
nikilinda deni.
Mzee Kabonwa wa kitanda cha dirishani akanifundisha:
akipita mkubwa na wanafunzi wake, taja ugonjwa mmoja.
Ukitaja minne
wanaangalia saa.
Yeye alitaja mmoja. Siyo ule uliomchukua.

Leo nimempata msichana, stajeri, koti limemzidi mabega.
Hakuuliza panapouma. Alisema, "Mwaga."
Nikamwaga mfuko wote mezani.
Akapanga maboksi, akasoma, akarudia kusoma,
kisha akainua mawili, moja kila mkono:
dawa ileile, majina mawili.
Tangu Pasaka naimeza mara mbili
nikiusingizia uzee kizunguzungu.

Hakucheka. Boksi moja akalitia kwenye droo.
Akaandika zilizobaki kwenye karatasi moja,
juu yake jina langu, herufi zote.

Nimepanda kurudi Kadutu, goti likisema yake.
Nsimire ameuinua mfuko: "Mbona ni uleule?"
Mtoto huyu hajawahi kushika mizani.
Nimeupokea, nimeuning'iniza kidoleni, nimefumba macho.
Gramu arobaini. Zimepungua.