Misumari ya Akeyo

Maji hufika Huruma Jumamosi, basi Jumamosi ndiyo shule.
Tunapanda ngazi za ghorofa sita, mitungi mabegani,
hadi juu ya paa, penye kamba za nguo na tangi lenye ufa.
Syombua ametutangulia. Ameinyoosha miguu,
sketi kaipandisha juu ya goti,
anasokota katani pajani
bila kuitazama.

Mimi nimeshona mfuko wa suruali miaka kumi na mmoja
kule viwandani Athi River. Mfuko wa kulia tu.
Wa kushoto alikuwa nao mtu mwingine, jina sikulijua.
Uzi ulikuja umeviringwa, mweupe kama wali,
nami sikuuliza ulikotoka,
kama usivyouliza maji ya bomba yalinyesha wapi.
Siku ya kwanza hapa nilikata uzi mara ishirini na tatu.
Paja langu lina nywele, katani ikazing'ang'ania,
Zamzam akacheka hadi akashika ukuta.
"Usiuvute," akasema Syombua. "Uzi si punda.
Uulishe."
Nikaulisha. Ukakubali shubiri moja, ukakatika.
Nikaulisha tena.

Zamzam alituletea kawa la nyanya yake wa Kibera,
lililofunika vyakula vya harusi tatu
na bado wekundu wake haujapauka.
Mutethia, wa kidato cha pili, hukusanya kokwa za parachichi
kwa wauza sharubati. Tulizichemsha tukingoja kahawia;
sufuria ikatutolea rangi ya ulimi wa paka.
Kijana akachutama pale nusu saa,
akikoroga kitu kilichokwisha kuiva.

Kuna wiki nilisahau shabu.
Manjano yangu ilipendeza, wallahi, hadi maji ya kwanza:
yote ikatoka, ikashika bomba la mvua,
ikapita ghorofa ya tano, ya nne, ya tatu,
ikatua kwenye shati jeupe la keateka.
Syombua hakufoka.
"Rangi ni mgeni," alisema.
"Wewe umemsalimu mlangoni, kiti hukumpa."
Shati nililipa mimi.

Leo tulitaka kijivu, na kijivu hakina ua.
Kitambaa kilikwisha kulala usiku kucha katika gome la muwati.
"Sasa chuma," akasema Syombua, "chuma kilicholiwa na kutu."
Tukaangaliana.
Akeyo, ambaye huwa hasemi, akafungua kikapu,
akatoa mkebe wa Kimbo.
Misumari. Ya inchi tatu, ya inchi nne,
aliyoing'oa kwenye mbao zake
siku ya pili baada ya tingatinga kupita kando ya mto.
Kila jioni hunyoosha mmoja kwa jiwe.
"Saba tu," alisema. "Na nitaihesabu."

Tukaitia.
Kahawia ikaanza kuingia giza kutoka pembeni,
polepole, kama stima inavyopotea mtaani
nyumba moja, halafu nyumba moja.
"Rangi ya mto," akanong'ona Zamzam.
"Hapana," akasema Akeyo. "Mto siku ile ulikuwa matope.
Hii ni bati langu likinyeshewa."

Akaiopoa kwa mwiko: mmoja, wawili, mpaka sita.
Wa saba ulikuwa umejificha kwenye kunjo,
na pale ulipolala pamebaki alama nyeusi,
ndogo, iliyopinda.
Hakuna aliyesema ifuliwe.
Akaifuta misumari kwa leso, akairudisha mkebeni.
"Wewe wa mifuko," akaniambia,
"kitambaa kikikauka, nishonee wa kubebea mkebe huu."
Nikamwambia mimi najua wa kulia tu.
"Basi huu ni wa kushoto."

Kisha akashuka, maana maji yangekatika saa sita,
nasi juu tukaendelea kusikia misumari ikigongana
ghorofa ya tano,
ya nne,
ya tatu.