Ndizi Iliyovunjika

Saa tisa. Wingu limekalia Lurambi
na Kageha analia.
Ndizi imevunjika. Ni mimi niliyeimenya vibaya,
vidole vina chaki, akili ina sare
kumi na moja za shule, Jumatatu zatakiwa.

"Iunganishe!"

Nampa nyingine. Hataki nyingine.
Anaitaka hiyo hiyo, na anaitaka nzima.
Machozi yamefika kidevuni, kamasi zimetangulia.
Cherehani kimya; mguu bado uko juu ya kanyagio,
unatetemeka, na kofi
limeshapanda hadi begani.

Likashuka lenyewe. Nalishukuru bega.

Kisha mvua, hii yetu ya kila siku,
isiyobisha hodi, yagonga bati kama inadai deni.
Nje Mama Lumbasi anaanua nguo, anatega beseni.
Sijamsikia hata mara moja akiikemea,
akiiuliza mbona wanyesha tena, si jana ulinyesha?

Nakaa sakafuni, juu ya vipande vya kitambaa.
Sisemi nyamaza. Natega paja.
Analilia kifuani mpaka shati linanata.

Baadaye natunga uzi kwenye sindano,
wa buluu, ule wa kola,
naipiga ndizi mishono miwili.
Anaikagua kama mteja mgumu.
Anacheka, kwikwi ikiwa bado katikati.
Nachomoa uzi. Anakula.

Halafu analitazama ganda,
mdomo unaanza kupinda:
ndizi imeisha.

Haya.
Natega paja.