Duara Sakafuni

Kiingilio elfu tatu, mwanafunzi elfu moja.
Viatu vinaachwa mlangoni, sakafu ni ya zamani, anasema Nyemo,
kijana wa makumbusho, shati limepigwa pasi hadi limesimama,
na soksi yangu ya kushoto imetoboka kwenye dole gumba.

Hii, anasema, ndiyo nyumba ya kwanza ya Ezra Chidumizi,
kabla ya benki ya vioo kule mjini,
kabla ya kiwanja cha ndege cha nchi za watu, kabla ya nishani.
Alikuwa na miaka ishirini na sita.
Aliijenga hapa Kikombo kwa ajili ya mama yake.

Aliijenga.
Nalimung'unya neno hilo kama ubuyu, nautafuta ulimi wangu mbegu.

Ukutani ipo picha: msanifu na karatasi zake,
upepo wa Julai unazipapatua, anacheka.
Pembeni, pale picha ilipokatwa, kiwiko cha mtu.
Kiwiko tu, chenye kovu la moto.
Nakijua. Kilinigonga ubavuni kila jioni
tulipokula sahani moja, ugali wa uwele na mlenda.
Ndahani Mazoya, fundi,
hakupima kitu kwa mita kabla ya kukipima kwa shubiri.
Maandishi ya chini yanasema: Msanifu akiwa kazini.

Sebuleni kuta ni nene kama za tembe.
Madirisha membamba; upepo, anasema Nyemo, huingia kwa adabu,
vumbi ukaliacha nje.
Kweli. Hilo namkubalia.
Mama mmoja wa Singida anapapasa ukuta,
anauliza kama ramani yake inauzwa.

Halafu jikoni.
Hapa Nyemo anaishusha sauti kama yuko kanisani.
Darini pana tundu wazi, halina kioo, halina kifuniko;
saa sita jua hushuka wima kama mchi kinuni,
na pale linapogota, tazameni,
msanifu alichora duara jekundu kwenye saruji:
ishara ya chungu, ya umoja wa kaya, ya dunia.
Wanapiga picha. Wanachuchumaa, wanapiga tena.

Mimi nilikuwa na miaka saba.
Baba alikuwa amemwambia: bwana, tundu lile.
Naye akajibu, kwetu hakuna mvua, Ndahani.
Januari ile mvua ilikuja kama inadai deni.
Bibi Mbeleje alipanda kitandani, miguu juu, akaita,
si mwanawe, aliyekuwa Ulaya akipokea pongezi,
akamwita baba.
Baba akaenda, gunia kichwani, na karai lake la zege,
akalitega chini ya tundu: Mama, vumilia hadi Mei.

Karai likakaa misimu mitatu.
Likaliwa na kutu, kutu ikaila saruji.
Usiku baba alisema anayasikia matone
kutoka kwetu, ng'ambo ya reli.
Umechoka, mama alimwambia, lala.

Nilitaka kusema. Kinywa kilikwisha kufunguka.
Lakini Nyemo alinitazama
kwa macho ya mtu aliyekariri usiku kucha,
na duara, lazima niseme, lilikuwa zuri,
jua limejaa ndani yake hadi ukingoni, halimwagiki.
Nikachuchumaa nami. Nikaweka kiganja.
Saruji ilikuwa na joto.

Mlangoni kuna daftari la wageni. Jina. Utokako. Maoni.
Aliyenitangulia ameandika: Inatia moyo sana, hongereni.
Nikaandika: binti wa Ndahani Mazoya.
Nikaandika: ng'ambo ya reli.
Kwenye maoni kalamu ikasita.
Nje, upande wa Mpwapwa, mawingu yalikuwa yanajikusanya
taratibu, kama watu wanaofika msibani.

Nikaandika:
Mvua ikija, rudisheni karai.