Safu ya Saba

Kutoka kwenye pantoni hadi pale lami ilipokata tamaa
bodaboda alinitoza elfu saba na swali moja:
"Huko mashambani unafuata nini, bosi? Kiwanja?"
Nikasema nafuata makaburi.
Akanyamaza mpaka tukaipita Kimbiji.

Mkobani nilikuwa na futikamba, kamera ya ofisi yenye ufa,
na fomu kumi na mbili, kila moja safu saba:
jina, mahali, umri, vipimo, hali,
mmiliki, thamani.

Mwamvita Kondo alinipokea na jembe begani.
Hakuuliza barua. Alitazama viatu vyangu,
akasema, "Hivyo vitakuponza,"
akatangulia katikati ya matuta.
"Hii kiroba. Ile michungu naipanda pembeni,
nguruwe aonje kwanza, akasirike, aende zake."

Kisha akasimama, akavua kandambili.
Nami nikavua vile viatu bila kuambiwa.
"Hodi, wenyewe!"
Kunde zikatikisika kidogo. Akaingia.

Msikiti ulikuwa ukuta mmoja na nusu:
matumbawe, chokaa,
kibla kimebaki kama mdomo
uliosahau neno katikati.
Nje mihogo imefika hadi ukingoni.
Ndani hajapanda kitu.
"Nafagia tu. Kila Alhamisi. Hakuna anilipaye."

Makaburi manne. La nne lina nguzo
iliyoinamia upande wa shamba
kama mtu anayesikiliza jirani wakigombana.
Juu yake, usawa wa paji langu la uso,
tundu la duara, laini ndani.
Nyigu wamejenga humo.

Nikapima: sentimita ishirini na mbili.
Nikaandika: "Bakuli la kauri. Limeibiwa. Mwizi hajulikani."
Nikasoma kwa sauti, ndivyo tulivyofundishwa.

"Anajulikana," akasema Mwamvita.
Akachuma jani la kisamvu, akalikunja, akalikunjua.
"Baba yangu. Sabini na nne, mwaka wa njaa,
mimi sijazaliwa. Walikula ndiga za porini
mpaka ndiga nazo zikaisha.
Alikuja usiku na kibatari na ncha ya panga,
akamwomba marehemu radhi, akabandua.
Mtu wa Kariakoo akampa madebe mawili,
unga wa yanga, ule wa manjano, unaonuka gunia.
Kaka yangu Mwinyimvua alishaanza kuvimba miguu.
Sasa ana wajukuu, yuko Mbagala, anauza mabati."

Akanitazama.
"Andika."

Nilifuta "mwizi". Karatasi ikachubuka.
Hali: imesimama.
Mmiliki? Nilipomuuliza alicheka hadi akashika kiuno.
"Mimi nina karatasi ya mihogo tu,
na kuna bwana wa mjini ana hati yake
juu ya karatasi yangu. Muulize yeye na wafu wake."

Tukala mihogo ya kuchemsha, chumvi kwenye jani la mgomba,
migongo ukutani, jiwe likiwa bado na ubaridi wa usiku.
"Huko makumbusho," akauliza, "mnalo?"
Nikasema sijui. Mabakuli yako mengi, nyuma ya vioo,
na vibandiko vyake havitaji madebe.

Alitafuna kwanza, akameza.
"Msilirudishe. Nyigu watahamia wapi?"
Kisha, tumeshafika barabarani,
mwenye bodaboda ameshawasha:
"Ukilikuta, lisalimie."

Jumatatu mkuu wangu alizungushia wino mwekundu
safu ya saba, nilipoandika
"madebe mawili ya unga na mtoto mmoja".
Pembeni kaandika: "Weka shilingi."

Sijaweka.
Fomu iko kwenye droo, chini ya futikamba.
Jana niliivuta kupima meza ya mtu,
na pale penye ishirini na mbili
chokaa ikanidondokea vidoleni,
nyeupe, laini,
kama unga.